Daftari la Wiki: Ng'ambo ya Mto Mbagathi

Gari la wageni limesimama hapa Tuala, kamera ikatolewa dirishani, akapigwa picha bibi mmoja aliyeketi kando ya njia akiuza maziwa, kisha likaondoka bighairi ya salamu wala idhini. Limenichukiza mno jambo hili.

*

Msafiri mwema aghalabu husifiwa kwa kutotupa takataka na kutomsogelea simba, na hayo ni wajibu. Lakini sisi tukaao kusini mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi tuna suala lililo zito zaidi, nalo ni nani amlishaye yule mnyama ambaye mgeni amelipa kiingilio langoni ili amtazame. Mbuga hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu. Imezungushiwa ua pande tatu, na upande wa kusini, penye Mto Mbagathi, umebaki wazi, maana nyumbu na pundamilia, mvua zinyeshapo, huvuka kwenda kulisha katika nyanda za Kaputiei, juu ya ardhi ya Wamaasai, wakala majani yale yale ya ng'ombe, na simba huwafuata nyuma. Hivyo mfugaji huilisha mali ya taifa bila ujira, na usiku simba aingiapo zizini, msiba huwa wake kwanza. Juni 2012 simba 6 waliuawa kwa mikuki huku Kitengela baada ya kula mbuzi. Dunia iliwalilia simba, na wachache mno waliuliza habari za mwenye mbuzi.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wenye insafu: mwenye ardhi alilipwa yapata shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, fedha zikitolewa majira ya karo, kwa sharti asijenge ua, asichimbe mawe, wala asiuze. Lakini ijara hiyo ni kitu gani mbele ya fedha anazozihesabu dalali wa ploti? Ndiyo sababu seng'enge zinaongezeka kila msimu, na njia za wanyama zinazibwa moja baada ya moja. Kwa hiyo namsihi mgeni avuke mto, alale katika hifadhi za wenyeji, alipe mkononi mwa walioiacha ardhi yao wazi, na amuulize mwenye hoteli, pasipo haya, ni kiasi gani kiwafikiacho watu hao.

*

Furaha yangu ya wiki ni kumkumbuka Richard Turere, kijana wa Kitengela aliyekuwa bado mtoto alipounganisha betri kuukuu ya gari na taa za kumetameta kulizunguka zizi la baba yake, simba wakadhani mtu anatembea na kurunzi, wakarudi zao. Mtoto mchunga ng'ombe alilinda ng'ombe na simba kwa pamoja!

*

Maasai Mara imeamuru magari yasizidi 5 kwa mnyama mmoja. Madereva, tafadhalini.

*

Loliondo, Tanzania, Juni 2022: kilomita za mraba 1,500 za malisho ya Wamaasai zikawekewa vigingi na serikali, na wafugaji waliojeruhiwa katika makabiliano na polisi wakavuka mpaka kuja Kenya kutafuta tiba. Anayepanga safari ya kaskazini mwa Tanzania na aulize, kabla ya kulipa, kambi atakayolala imesimama juu ya malisho ya nani.

*

Jirani yangu ameanza kuchimba mashimo ya nguzo za ua. Ana watoto shuleni, na ukame umewamaliza ng'ombe wake. Sina la kumlaumu, na nimehuzunika sana.