Kutu Isiyoonekana



Juma lililopita tulisafiri kutoka Kibondo kwenda Kasulu kwa Land Cruiser ya parokia, gari ambalo umri wake unauzidi upadri wetu. Nyuma walikaa abiria watatu, mmoja wao mama aliyekuwa akimpeleka mtoto hospitali. Tulipoanza kushuka mteremko, pedali ya breki ilizama karibu na sakafu kabla gari halijapunguza mwendo. Twamshukuru Mungu, breki za mbele zilikuwa zimebaki. Mfumo hugawanywa sehemu mbili ili moja ikivuja nyingine isimamishe gari. Tulifika Kasulu kwa gia ya pili, na hakuna aliyezungumza njiani.

Fundi alilala chini ya gari na tochi yake. Bomba la breki za nyuma lilikuwa limeliwa na kutu pale lilipobanwa kwenye chasisi, mahali ambapo tope la masika hujificha na kubaki bichi hata gari likioshwa. Kwingineko bomba lilionekana zima.

"Padri, tuizibe hii ya nyuma tu," alituambia kwa upole. "Utarudi Kibondo salama. Wengi wanafanya hivyo."

Ni kweli, wengi hufanya hivyo. Bomba hukatwa, ncha yake hukunjwa na kugongwa kwa nyundo, mafuta hayavuji tena. Pedali hurudi kuwa ngumu na dereva hufurahi, ilhali magurudumu ya nyuma hayana breki kabisa. Likizibwa la gurudumu moja tu, gari huvutwa upande mmoja kila breki inapokanyagwa kwa nguvu.

Hatumlaumu fundi yule. Kwa maoni yetu sisi wenye magari ndio tuliowafundisha mafundi kuziba. Humwambia "nifikishe tu", kisha twamlipa ujira wa nusu saa na kumnung'unikia akiomba siku mbili. Anayetaka kufanya kazi kwa uaminifu hukosa wateja.

Na kazi ya uaminifu haina siri. Bomba bovu hubadilishwa lote, kutoka kiungo hadi kiungo, kwa chuma cha kipimo kilekile au kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli usioshikwa na kutu kwa urahisi. Shaba tupu ya friji haifai, kwa kuwa mtikisiko huichosha na kuipasua. Kipande cha mpira kilichofungwa kwa klipu hakifai hata kidogo: breki ikikanyagwa kwa nguvu, msukumo ndani ya bomba waweza kupita mara 70 ya ule wa hewa tunayovuta. Ncha hutanuliwa na kukunjwa mara mbili kwa chombo chake, kisha upepo hutolewa, kwa kawaida kuanzia gurudumu la mbali zaidi. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, maana hunyonya unyevu, na unyevu huo huozesha mabomba kwa ndani.

Zamani tope la barabara zetu lilitulinda kwa namna yake; nani angekimbia humo? Katika miaka ya karibuni lami imefika kati ya Kasulu na Kibondo, nasi twaifurahia. Lakini mikweche ni ileile. Gari lililotambaa kwa kilomita 40 kwa saa sasa hukimbizwa kwa 80, na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki zapaswa kuimaliza huongezeka mara nne. Stika ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele haishuki chini ya chasisi kutazama.

Tulilala Kasulu usiku mbili. Abiria wetu walitafutiwa gari jingine. Bomba lilikuja kwa basi kutoka Mwanza. Gharama ilimeza fedha za mafuta ya mwezi mzima, na vigango viwili vilitusubiri Jumapili ile bila kutuona. Tumewaomba radhi.

Bomba la zamani liko mezani ofisini kwetu. Anayekuja kuazima gari la parokia tunampa alishike kwanza, na vidole vyake hubaki na unga mwekundu.