Harufu ya friji isifunikwe kwa ndimu



Kuna jambo ambalo wengi tunaliona dogo, nalo ni harufu mbaya ya friji.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wilayani Handeni. Mwaka juzi nilinunua friji iliyotumika mjini Korogwe. Haikupita wiki mbili ikaanza kunuka. Mke wangu aliweka ndimu, mimi nikaweka mkaa, lakini harufu ilirudi. Mwishowe niliichomoa kwenye umeme na kuivuta kutoka ukutani. Nyuma, karibu na mashine, trei inayopokea maji ya barafu ilikuwa imejaa maji yaliyooza, na ndani kitundu cha kupitishia maji hayo kilikuwa kimezibwa na magamba ya samaki. Nilisafisha vyote kwa maji ya moto na sabuni, pamoja na mpira wa mlango, nikafuta kwa siki. Harufu ikaisha.

Kumbe harufu ina chanzo, na kuifunika si kuiondoa. Ikiwa ni ya plastiki kuungua, chomoa waya na umwite fundi. Kwa wenye friji za gesi au mafuta ya taa, harufu kali inayochoma pua na macho yaweza kuwa amonia inayovuja. Zima, fungua madirisha, mtoke nje.

Lakini linalonisikitisha ni la dukani. Hivi karibuni umeme ulikatika kijijini kwetu tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku. Jumatatu niliona samaki wale wale, waliokwisha kuyeyuka na kugandishwa tena, wakiuzwa, na ndani ya friza mna vipande vya ndimu. Kesho yake watoto wawili wa darasa langu hawakufika shuleni, wanahara na kutapika. Siwezi kuapa kuwa ni samaki, ila wote wawili walikuwa wamewala.

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hutunza baridi kwa muda wa saa 48 hivi. Ikiwa nusu, saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 tu. Zaidi ya hapo ni hatari, hata kama chakula hakinuki, maana vijidudu vingi vya maradhi havina harufu.

Najua kutupa samaki ni hasara kubwa kwa mfanyabiashara wa kijijini. Basi umeme ukichelewa kurudi, akaange au abanike samaki wangali na barafu, awauze siku hiyo hiyo. Walioyeyuka na kupata joto watupwe.

Nawaomba maofisa afya wa kata wakague friza za madukani kila umeme unapokatika kwa muda mrefu, nao wahusika wa umeme watutangazie mapema wanapofanya matengenezo. Afya ya watoto wetu haiwezi kulindwa kwa ndimu.

Mwalimu wa Kijijini,
Handeni, Tanga.