Vijana, Andikeni Kabla Hakujapambazuka

Vijana wengi wenye kipaji cha kutunga husema wakati wao haujafika. Wapate kwanza kazi nzuri, watulie, ndipo washike kalamu. Ndugu zangu, mtangoja mpaka lini? Mtazameni Octavia Butler wa Marekani, mtunzi wa riwaya za sayansi na za mambo ya ajabu.

Alizaliwa mwaka 1947 huko Pasadena, California. Baba yake alifariki angali mdogo, akalelewa na mama aliyekuwa mtumishi wa nyumbani. Kusoma kwenyewe kulimpa taabu, maana herufi zilimchanganya. Hata hivyo, alipotimiza miaka 10 alimsihi mama yake amnunulie taipureta, na mama yule, asiye na kisomo kikubwa, akanunua. Wazazi, lizingatieni hilo! Mtoto akawa anapiga hadithi zake kwa vidole viwili.

Hadithi yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1971. Halafu? Miaka mitano ya kukataliwa. Aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu, alikagua krispi kiwandani. Saa nane usiku, majirani wakiwa usingizini, yeye alikuwa mezani akiandika. Kulipokucha akaenda kibaruani. Riwaya yake ya kwanza, Patternmaster, ikatoka mwaka 1976.

Wala msidhani kibarua kilimpotezea wakati. Katika Kindred, ya mwaka 1979, Dana, mwanamke mweusi wa zama zetu, anavutwa ghafla hadi Maryland ya enzi ya utumwa. Kabla ya hapo Dana naye anaishi kwa vibarua vya kutwa, na kila anayekisoma kitabu hicho huona kwamba mwandishi anaujua uchovu ule. Ili aijue Maryland yenyewe, Butler alipanda basi akaenda kuiona kwa macho yake.

Mtanijibu kwamba Marekani wachapishaji ni wengi. Ni kweli, lakini wengi wao waliikataa Kindred, kwa kuwa hawakujua waiweke katika fungu gani la vitabu. Hakuibadilisha ili iwapendeze.

Mwaka 1995 taasisi ya MacArthur ilimtunukia dola 295,000, wa kwanza miongoni mwa waandishi wa riwaya za sayansi. Fedha hizo, ambazo zingemtosha kukaa na kuandika kwa utulivu, zilimkuta amekwisha kuchapisha riwaya 10.