Bei ya Maneno

Vijana wengi wa Buruburu, Umoja na Kayole siku hizi waandika maneno ya matangazo ya maduka na makampuni. Hawana ofisi wala mshahara wa mwezi; hulipwa kwa kila kipande cha kazi. Aliye mgeni katika kazi hii akiulizwa bei huona haya, akataja shilingi 300. Tajiri hufurahi, na kesho wengine wakiomba zaidi huwaambia, "Mwenzenu alikubali mia tatu."

Sisi twasema: kwanza piga hesabu. Tuseme kwa kodi ya nyumba, chakula, stima na simu wahitaji shilingi 40,000 kwa mwezi. Siku za kazi ni 20, lakini nusu yake huishia katika kutafuta kazi na kudai pesa. Zabaki siku 10 za kulipwa. Basi siku moja ni shilingi 4,000, na tangazo la nusu siku ni 2,000. Anayekubali 300 anamsaidia tajiri kwa chakula cha watoto wake mwenyewe.

Tena, pokea nusu ya pesa kabla ya kuanza, na mpatane mapema kazi itarekebishwa mara ngapi.

Mwaka 1937 mafundi wa Nairobi, wakiongozwa na chama cha Makhan Singh, waligoma wiki nyingi wakapata nyongeza. Hawakwenda kwa tajiri mmoja mmoja. Nasi tukutane, tuambiane bei zetu waziwazi. Bei ya siri humfaa tajiri tu.