Jenerali Mulinge wa Kathiani na gharama ya jeshi tiifu

WANAJESHI walipotumwa barabarani Juni 2024 kuwasaidia polisi, baada ya waandamanaji kuingia Bungeni jijini Nairobi, Wakenya wengi walishtuka, hata waliounga mkono hatua hiyo. Nchini Kenya mwanajeshi hukaa kambini. Raia humwona siku ya gwaride, au akisaidia wakati wa mafuriko, kisha hurejea alikotoka.

Desturi hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Miongoni mwa waliouunda utaratibu huu ni mwana wa Kathiani, Machakos: Jenerali Jackson Mulinge, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1978 hadi 1986, na aliyefariki Juni 2014. Maisha yake yanaonyesha jinsi jeshi tiifu linavyopatikana, na vilevile gharama yake.

Mulinge alijiunga na Jeshi la King's African Rifles (KAR) akiwa kijana, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa vijana wa Ukambani, jeshi lilikuwa mojawapo ya njia chache za kupata mshahara wa kutegemewa. Waingereza nao walikuwa wamejiaminisha kwamba Mkamba ni askari kwa kuzaliwa.

Dhana hiyo iliwapa watu wa Machakos nguvu ambayo wakoloni hawakuikusudia. Mwaka 1938 serikali ilipotwaa ng'ombe wao kwa nguvu kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, maelfu waliandamana kwa miguu hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Kiongozi huyo alihamishiwa Lamu, lakini serikali ilirudi nyuma. Wanahistoria wanataja kwamba sababu mojawapo ni vita vilivyokuwa vikinukia: nani angeyakamata malisho ya watu ambao wana wao ndio waliohitajika vitani?

Pamoja na hayo, askari Mwafrika hakuruhusiwa kupanda sana. Kabla ya kamisheni, cheo cha juu alichoweza kufikia kilikuwa effendi, neno la Kituruki ambalo vinywa vya Waswahili vimeligeuza kuwa afande. Ni 1961 tu ambapo Waafrika wa kwanza wa Kenya walipewa kamisheni ya afisa. Kizazi hicho ndicho kilichowatoa Mulinge na mwenzake kutoka Ukambani, Joseph Ndolo.

Mwaka uo huo, ng'ambo ya mpaka, effendi mwingine wa KAR alipewa kamisheni nchini Uganda. Jina lake lilikuwa Idi Amin. Wanaume hawa walilelewa katika jeshi moja, wakafunzwa gwaride moja na kula chakula cha kambi moja. Miaka kumi baadaye mmoja aliipindua serikali yake, na wengine hawakuipindua. Kwa hivyo, malezi ya KAR peke yake hayatoshi kueleza utulivu wa Kenya.

Maelezo yanapatikana katika siasa na utawala wa jeshi lenyewe. Januari 1964, majuma machache baada ya uhuru, askari wa kambi ya Lanet, Nakuru, waliasi wakilalamikia mishahara na kuendelea kuamriwa na Waingereza. Wanajeshi wa Uingereza ndio waliowazima. Hayati Mzee Jomo Kenyatta alijifunza kwamba askari asiyelipwa vyema ni hatari. Aidha, alitambua kwamba jeshi alilorithi lilikuwa na Wakamba na Wakalenjin wengi kupita sehemu yao katika taifa. Alianza kulisawazisha taratibu, huku akikiimarisha kikosi cha polisi cha GSU kiwe kizani.

Ndolo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Jeshi la Nchi Kavu, mwaka 1966, na miaka mitatu baadaye akawa mkuu wa majeshi yote. Lakini Juni 1971, miezi mitano baada ya Amin kutwaa Uganda, jina lake lilitajwa katika kesi ya njama ya kuipindua serikali. Mbunge wa Yatta, Gideon Mutiso, alifungwa. Ndolo hakushtakiwa, alijiuzulu, na Jaji Mkuu Kitili Mwendwa akafuata. Wote watatu walitoka Ukambani.

Hapo ndipo Mulinge alipopimwa. Angeweza kuonekana mshukiwa kwa sababu ya alikozaliwa. Badala yake alibaki afisa wa ngazi ya juu kuliko wote, wakati kiti cha Ndolo kikiachwa wazi kwa miaka saba. Kenyatta alipofariki Agosti 1978 baadhi ya wanasiasa walikuwa wakipinga Makamu wa Rais Daniel arap Moi kumrithi, ila jeshi halikutoka kambini na Katiba ilifuatwa. Mwaka uo huo Moi alimfanya Mulinge Mkuu wa Majeshi. Hatimaye akawa Mkenya wa kwanza kufikia cheo cha jenerali kamili.

Kazi ya cheo hicho ni ya mezani kuliko ya uwanja wa vita. Mkuu wa Majeshi huangalia nani anaandikwa, nani anapandishwa, nani anahamishwa, kambi gani haina nyumba. Ni kazi isiyoimbwa, lakini ndiyo inayoamua kama bunduki itabaki ghalani.

Agosti 1, 1982, iliondoka ghalani. Askari wa Jeshi la Wanahewa walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Wanajeshi wa nchi kavu wakiongozwa na Meja Jenerali Mahamoud Mohamed walikikomboa kituo hicho siku hiyo hiyo. Mulinge na makamanda wenzake walisimama na Moi, na uasi ukaporomoka.

Yaliyofuata yalikuwa machungu. Jeshi zima la Wanahewa lilivunjwa. Kamanda wake, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa miaka minne kwa kushindwa kuzuia uasi. Miaka mingi baadaye mahakama iliona kwamba haki zake zilikiukwa na kuamuru alipwe fidia. Uaminifu ulikuwa umegeuka kipimo ambacho mtu mmoja Ikulu ndiye aliyekishika. Aliyepita alipanda, na aliyeshukiwa aliangamia.

Februari 1984, Mulinge akiwa bado Mkuu wa Majeshi, maafisa wa usalama waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Waliwekwa juani bila maji, na wengi waliuawa. Serikali ya wakati huo ilikiri vifo 57. Walionusurika wanataja mamia, na wengine maelfu. Jeshi lililomtii Rais halikuwa na mlango ambao mjane wa Wajir angeubisha kuuliza mumewe yuko wapi. Ilibidi asubiri hadi ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013, ambayo utekelezaji wake umesuasua.

Mulinge alistaafu 1986 na kumwachia Mohamed usukani. Baadaye aliingia siasa, akawa mbunge wa Kathiani na Waziri wa Ardhi katika serikali ya Moi.

Tangu hapo msingi wa utiifu umekuwa ukihamishwa kutoka kwa mtu hadi kwenye sheria. Jenerali Daudi Tonje, aliyeongoza majeshi kuanzia 1996 hadi 2000, aliweka kanuni za muda wa kuhudumu na kustaafu. Katiba ya 2010 inataka vikosi viakisi sura ya Wakenya wote, na kwamba wanajeshi wasitumwe kuzima ghasia nchini bila idhini ya Bunge la Kitaifa.

Ndiyo maana tukio la Juni 2024 lina uzito. Safari hii Bunge liliombwa idhini, mawakili wakaenda kortini, na Mahakama Kuu, ingawa iliruhusu wanajeshi wabaki, ikaitaka serikali ieleze kazi yao na muda wao. Mwaka 1984 hakuna aliyeweza kuuliza hayo.

Vijana wa Machakos bado hukimbia mbio za usajili wakiwa na vyeti mkononi, kama babu zao walivyopimwa vifua na Waingereza. Kizazi cha Mulinge kiliwarithisha jeshi lisilotamani Ikulu. Lililobaki ni wao kula kiapo kwa Katiba na kukishika, hata siku ambayo amri ya mkubwa itakinzana nayo.