Pikapu ya Dodoma na Hewa ya Pwani

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu hauna subira. Karafuu mbichi zikilala guniani kwa sababu gari imegoma, hupata joto, rangi yake hufifia, na bei hushuka zifikapo kituoni kwa ZSTC. Basi habari ya kabureta si ya mafundi peke yao. Ni habari ya mfuko wa mkulima.

Baadhi yetu hununua pikapu kongwe kutoka bara. Zilizofanya kazi Dodoma husifiwa kwamba bodi zake hazikuliwa na kutu, maana nchi ile ni kavu na iko mbali na chumvi ya bahari. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini gari hizo huja na mambo mawili yasiyoonekana na mnunuzi.

La kwanza ni vumbi. Katika nyanda zile za kati, mvua hunyesha zaidi baina ya Disemba na Aprili; miezi mingine ni ukavu na upepo. Vumbi laini hupita penye chujio bovu, likaganda katika vitundu vya jeti.

La pili ni hewa. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Fundi wa huko hupunguza petroli ili gari isitoe moshi mweusi. Ikifika kisiwani penye hewa nzito, petroli ile huwa haba: injini huchemka, hupiga chafya kwenye kabureta, na hushindwa mlima ikiwa na mzigo. Hapo mwenyewe huambiwa anunue kabureta mpya.

Mimi naona tusikimbilie kununua. Kabureta ifunguliwe, ioshwe, na vitundu vipulizwe kwa hewa ya pampu. Visichokolewe kwa waya, kwani tundu likishapanuka halirudi. Gaskiti na sindano ya boya zibadilishwe, kimo cha boya kipimwe, na jeti irudishwe ya kipimo cha pwani. Kisha, injini ikiwa ya moto, skrubu ya mchanganyiko izungushwe polepole mpaka mngurumo utulie.

Wako wasemao kabureta ni mambo ya kale, kwani gari za sasa hujipimia hewa zenyewe. Ni kweli. Lakini zikiharibika hutaka kompyuta, na kabureta hutaka bisibisi na mtu mwenye subira. Vitu hivyo shambani tunavyo.

Kazi hii haizidi siku moja. Inatupasa kuifanya kabla ya kuchuma, si magunia yakiwa yamekaa njiani. Nashauri kila tawi lichague kijana mmoja akae na fundi, ajifunze, apate kuwafaa wenzake.

Wenu,
Katibu