Rauta ya Nyumbani: Tuchague Ipi?



Miezi hii ya karibuni akina mama wengi wametuuliza swali moja: tukitaka kuweka intaneti nyumbani, tununue rauta ya namna gani? Ukurasa huu umezoea maswali ya lishe, homa za watoto na uzazi, lakini hili nalo ni swali la haki. Mtoto wa sekondari anatumiwa kazi za shule kwa simu. Baba yuko Dar es Salaam kikazi na jioni anataka kuwaona wanawe. Mama anauza vitenge au samaki wa kukaanga kwa njia ya WhatsApp. Kila mmoja ananunua bando lake, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua ni kiasi gani cha fedha kimekwenda huko.

Wengi wetu tukifika dukani huuliza ipi ina kasi zaidi, au tunaichagua yenye antena nyingi. Tunashauri mama aanzie nyumbani kwake kabla ya kwenda dukani. Aangalie kuta zake, umeme wake na watoto wake. Zaidi ya yote ajiulize: baada ya kununua, ufunguo wa mlango huu atashika nani?

RAUTA NI KITU GANI?

Rauta ni kisanduku kinachopokea intaneti kutoka nje na kuigawa ndani ya nyumba kwa mawimbi ya redio, bila waya. Ugawaji huo ndio unaoitwa waifai. Madukani utakutana na aina tatu.

Ya kwanza ni rauta ya mfukoni. Inatumia laini ya simu na ina betri yake, hivyo umeme ukikatika inaendelea kwa saa kadhaa. Nyingi hupokea vifaa kama 10 tu na haziendi mbali. Inamfaa mama anayesafiri au anayekaa chumba kimoja na sebule.

Ya pili nayo ni ya laini, lakini hukaa mezani na kutumia umeme wa ukutani. Nyingi hupokea vifaa 32 au zaidi. Hii ndiyo inayozifaa familia nyingi za hapa kwetu.

Ya tatu ni ya faiba, yaani intaneti inayoletwa hadi nyumbani kwa waya mwembamba wa kioo. TTCL na kampuni nyingine huunganisha nyumba kwa njia hii katika baadhi ya maeneo. Uzuri wake ni kwamba kwa kawaida unalipa kwa mwezi bila kuhesabiwa gigabaiti. Kabla ya kutoa fedha, uliza kama waya umefika mtaani kwako, si mjini kwako tu.

Ukichagua ya laini, kumbuka hesabu hii: saa moja ya kutazama filamu kwa picha ya kawaida inaweza kula gigabaiti 1, na kwa picha safi kabisa inaweza kufika gigabaiti 3. Watoto wakitazama saa mbili kila siku kwa picha safi, utaona mwenyewe bando litafika lini mwisho. Punguza ubora wa picha kwenye televisheni na simu, na uzime kule kujisasisha kwa programu kunakofanyika usiku bila mtu kujua.

KUTA ZA NYUMBA YAKO

Hapa Dunda tuna nyumba za namna mbalimbali. Zipo za zamani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zenye kuta nene kama za ngome. Zipo za tofali za saruji, na karibu zote zina mabati juu. Mawimbi ya rauta hupungua nguvu kila yanapopita ukutani, na bati huyarudisha. Maji nayo huyanyonya, kwa hiyo usiiweke rauta nyuma ya tangi la maji, wala nyuma ya friji au kabati la chuma.

Rauta hutoa mawimbi ya namna mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, ingawa kasi yake ni ndogo. Ya 5 yana kasi, lakini hudhoofika haraka yakikutana na ukuta. Mwenye nyumba ya mawe asidanganywe na kasi iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu kasi hiyo hupimwa mahali pasipo na kizuizi. Nunua yenye mawimbi yote mawili, uiweke katikati ya nyumba, juu ya meza au rafu, mlango ukiwa wazi kuelekea vyumba vingine.

Rauta ya laini inahitaji pia kupata mawimbi ya kampuni ya simu kutoka nje. Kabla ya kununua, fanya jaribio hili lisilo na gharama. Jioni, wakati watu wengi wanatumia mtandao, azima simu za majirani zenye laini tofauti: Vodacom, Airtel, Yas (iliyokuwa ikiitwa Tigo), Halotel na TTCL. Zunguka nazo nyumbani mwako na uone ni ipi inayofungua picha haraka, na ni katika kona ipi. Baadhi ya rauta zinazouzwa na kampuni za simu zimefungwa, hazikubali laini ya kampuni nyingine. Ukikosea hapo, umenunua pambo la mezani.

UMEME NA CHUMVI

Rauta ya mezani hutumia umeme kidogo. Yenye wati 10 ikiwaka usiku na mchana hutumia kama yuniti 7 za Luku kwa mwezi. Kinachoiua ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Ichomeke kwenye kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme kama ufanyavyo kwa friji, na mvua ya radi ikianza uichomoe kabisa. Zipo pia betri ndogo za volti 12 za kuiwezesha kuendelea umeme unapokatika, kwa hiyo angalia kama rauta yako nayo ni ya volti 12.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine: hewa ya chumvi inayokula vyuma. Usiiweke rauta kwenye dirisha linaloelekea baharini. Ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, wala usiifunike kwa kitambaa cha mezani, kwa kuwa inahitaji kupumua.

Na intaneti ikisuasua, usikimbilie kununua rauta nyingine. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu na intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi kadhaa jirani. Siku hiyo hata rauta ya bei kubwa isingesaidia. Jaribu kwanza laini hiyo hiyo ndani ya simu. Ikiwa nako ni polepole, tatizo liko nje ya nyumba.

JE, MAWIMBI YAKE YANA MADHARA?

Hili tunaulizwa sana kliniki, hasa na wajawazito na wenye watoto wachanga. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Neno hilo liliwatia watu hofu. Lakini kundi hilo ni la vitu ambavyo ushahidi wake ni mdogo, na ndani yake imo hata dondoo ya majani ya mshubiri. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha kuwa mawimbi hafifu ya mitandao isiyo na waya yanaleta madhara kwa afya.

Nguvu ya rauta kwa kawaida ni kama sehemu moja ya kumi ya wati, na hupungua haraka ukiiacha mbali: ukiongeza umbali mara mbili, inabaki robo. Mjamzito asikose usingizi kwa ajili ya rauta iliyoko sebuleni. Anayetaka kutuliza moyo wake aiweke mita moja au mbili kutoka kitandani, yatosha.

Madhara tunayoyaona kwa macho ni mengine. Ni mtoto anayesinzia darasani kwa sababu alikuwa na simu hadi saa nane za usiku. Ni mtoto wa mwaka mmoja asiyekula mpaka awekewe katuni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Rauta nzuri inaweza kutusaidia katika jambo hili.

UFUNGUO ASHIKE NANI?

Nyumba nyingi rauta hufungwa na kijana wa dukani au na mtoto mkubwa, na mama hajui hata neno la siri. Tunasema kwa upendo: mama, jifunze. Mwambie kijana akuonyeshe taratibu, uandike kwenye daftari lako.

Yapo maneno ya siri mawili. Moja ni la kuingia kwenye waifai. La pili ni la kuingia ndani ya rauta yenyewe na kubadili mipango yake, na mara nyingi dukani huja likiwa "admin" tu. Yabadilishe yote mawili siku ya kwanza. Jina la mtandao lisiwe jina la familia wala namba ya nyumba.

Mpangaji na jirani wakiomba, wape mtandao wa wageni wenye neno lake la siri. Huo si uchoyo. Laini iliyomo ndani imesajiliwa kwa alama za vidole kwa jina lako au la mume wako, na tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao. Likifanyika baya kupitia laini hiyo, swali litaanzia kwa mwenye jina. Unaweza kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwa kupiga *106#.

Rauta nyingi zinaruhusu kila kifaa kiwekewe saa zake: simu ya mtoto ikose intaneti kuanzia saa tatu usiku, ya baba iendelee. Nyingine zinaruhusu kubadilisha namba za DNS, yaani zile zinazoielekeza rauta mahali pa kuulizia anwani za kurasa. Ukiweka 1.1.1.3 na 1.0.0.3, huduma isiyo na malipo iliyoanzishwa na Cloudflare mwaka 2020, kurasa nyingi za picha chafu hazitafunguka kwa yeyote anayetumia waifai yako.

Lakini chujio halimlei mtoto. Akinunua bando lake mwenyewe, amekwisha kupita dirishani. Na anayemdhuru mtoto mara nyingi haji kwa kurasa chafu, bali kwa ujumbe mtamu, vocha na ahadi. Mwaka 2022 UNICEF, ECPAT na INTERPOL walitoa ripoti juu ya unyanyasaji wa kingono wa watoto mtandaoni hapa Tanzania. Moja ya mambo yaliyoonekana ni kwamba watoto wachache sana hulifikisha jambo hilo polisi au kwenye simu ya msaada. Wanaogopa kulaumiwa, na wanaogopa kunyang'anywa simu.

Ukiona mtoto anaficha simu unapoingia, anashtuka ujumbe ukilia, ana fedha au vocha usizojua zilikotoka, au ameacha kula na kucheza, kaa naye chini peke yenu. Usianze na kiboko. Mwambie: "Mwanangu, lolote lililotokea, kosa ni la huyo mtu mzima, nami niko pamoja nawe." Usifute ujumbe, kwani ndio ushahidi. Piga simu 116, ya huduma kwa mtoto, isiyo na malipo, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

MAMBO YA KUULIZA DUKANI

1. Je, inakubali laini ya kampuni yoyote?
2. Je, inatoa mawimbi yote mawili, 2.4 na 5?
3. Je, ina ulinzi wa WPA2 au WPA3? Isiyo na mmojawapo iache.
4. Je, ina mtandao wa wageni?
5. Je, naweza kupanga saa za kila kifaa na kubadilisha namba za DNS? Muuzaji akuonyeshe kwa vitendo, asikujibu kwa kichwa tu.
6. Je, ni ya volti 12?
7. Je, ina garantii na risiti, na namba iliyo chini yake ni sawa na ya kwenye boksi?

Rauta ya bei ya kati yenye majibu mazuri kwa maswali haya ni bora kuliko ya bei kubwa ambayo mwenye ufunguo wake ni mtoto wa miaka 14. Zungumza na mume wako kabla ya kununua, mpatane juu ya saa za kuzima, na ninyi wazazi mzifuate kwanza. Mtoto hatalala saa tatu ikiwa anaona mwanga wa simu chini ya mlango wa mama.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya shinikizo la damu wakati wa ujauzito. Tunawatakia usiku mwema na usingizi wa kutosha, ninyi na watoto wenu.